KUULIZWA KABLA YA KUAMULIWA: FUNZO LA TAKA ZA NYUKLIA ZA UINGEREZA KWA VYAMA VYA MSINGI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Katika vitabu vya kumbukumbu za mikutano ya vyama vya msingi hukutwa mara nyingi sentensi moja fupi: "Wanachama walielezwa, wakakubali." Sentensi hiyo huandikwa kwa nia njema, nayo huonekana kuwa imemaliza kazi. Lakini haisemi wanachama walielezwa nini, wala walielezwa lini, wala kama walikuwa na nafasi ya kukataa. Si mara chache ambapo jambo huwa limekwisha amuliwa na kamati, au na meneja peke yake, ndipo mkutano huitwa ili wanachama wapige makofi.

Mazungumzo haya yanahusu nchi ya mbali, na jambo ambalo kwa mtazamo wa juu juu halina uhusiano na mizani ya kahawa wala ghala la pamba. Yanahusu Uingereza, na jinsi nchi hiyo ilivyohangaika kwa zaidi ya miaka 40 kutafuta mahali pa kuzika taka za vinu vyake vya nyuklia. Uingereza haikukosa wataalamu, wala fedha, wala sheria. Kitu ilichokikosa kwa muda mrefu ni ridhaa ya watu watakaokaa karibu na taka hizo. Na sababu zilizoifanya ikose ridhaa hiyo ni zile zile zinazoonekana katika chama chochote kilichogawanyika baina ya viongozi na wanachama.

TAKA ZENYEWE

Kinu cha nyuklia hupasua atomi za madini ya urani, na joto linalotokana na kupasuka huko hutumika kupata mvuke wa kuendesha mitambo ya umeme. Madini yakiisha kutumika hubakia na mionzi. Mionzi haionekani kwa macho wala hainuki, lakini ikizidi huuharibu mwili wa binadamu. Taka za mionzi ni za namna nyingi. Zipo nguo, glovu na vifaa vya kazini, ambavyo hatari yake ni ndogo; na zipo taka kali, zenye moto wa ndani, ambazo hapana budi zipozwe kwa miaka mingi kabla hazijaweza kuzikwa. Aina moja ya plutoni huchukua takriban miaka 24,000 hata nguvu yake ipungue nusu, na kisha miaka mingine kama hiyo ili nusu iliyobaki nayo igawanyike. Kwa hiyo anayeamua juu ya taka hizi huwaamulia pia watu ambao babu zao hawajazaliwa.

Uingereza ilianza kuzalisha taka hizi kwa ajili ya silaha, katika vinu vilivyojengwa Windscale, pwani ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, mahali ambapo leo panaitwa Sellafield. Mwaka 1956 kinu cha Calder Hall kilifunguliwa hapo hapo ili kutoa umeme kwa matumizi ya wananchi. Mpango wa kuzalisha ulikuwapo, lakini mpango wa mwisho wa kutunza mabaki haukuwapo. Taka zilitiwa katika matangi, mabwawa na maghala, kwa kutarajia kwamba vizazi vya baadaye vitajua la kufanya. Mwaka 1976 Tume ya Kifalme ya Uchafuzi wa Mazingira, chini ya uenyekiti wa Sir Brian Flowers, ilionya kwamba haifai kuingia katika mpango mkubwa wa umeme wa nyuklia mpaka iwe imethibitika, pasipo shaka ya maana, kwamba ipo njia ya kuzihifadhi kwa usalama taka kali zinazodumu.

UAMUZI WA CHUMBANI

Kwa zaidi ya miaka 30 sehemu ya taka zisizo kali sana ilitiwa katika mapipa na kutoswa baharini. Mwaka 1983 vyama vya wafanyakazi, kikiwamo chama cha mabaharia, vilikataa kushiriki katika kazi hiyo. Tangu hapo Uingereza haikutosa tena mapipa hayo. Yafaa ikumbukwe kwamba waliosimamisha kazi hiyo hawakuwa mawaziri, bali watu walioshika mapipa kwa mikono yao.

Mwaka 1982 ilikuwa imekwisha undwa taasisi iliyoitwa Nirex, chini ya wenye vinu wenyewe, ili itafute mahali pa kuzika taka katika nchi kavu. Mwezi Oktoba 1983 palitajwa mahali pawili: mgodi wa zamani wa Billingham na uwanja wa Elstow katika Bedfordshire. Wakazi walisikia habari hizo pamoja na watu wengine wote. Upinzani wa Billingham ulikuwa mkubwa, na kampuni yenye mgodi ikajitoa; mwaka 1985 mahali hapo pakaachwa. Mwaka 1986 Elstow iliunganishwa na mahali pengine patatu, yaani Bradwell, Fulbeck na South Killingholme. Wakazi walikaa njiani kuwazuia wachimbaji wa uchunguzi wasiingie. Mwezi Mei 1987, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, mpango wote huo ukafutwa.

Njia iliyofuatwa ilikuwa na hatua tatu: kuamua, kutangaza, kisha kutetea. Aliyeamua alikuwa mwenye taka. Aliyetangaza alikuwa yeye. Na wananchi walipouliza maswali, aliyekuja kuwajibu kuwa hakuna hatari alikuwa yeye yule. Ingawa huenda baadhi ya majibu yake yalikuwa ya kweli, hapakuwa na sababu ya mkulima wa Bedfordshire kuyaamini.

Baadaye macho yalielekezwa Sellafield, ambako taka nyingi zilikuwako tayari na ambako watu wengi walipata riziki kwa kazi za nyuklia. Mwaka 1994 Nirex iliomba kibali cha kuchimba shimo la kuchunguza mwamba karibu na hapo. Halmashauri ya Kaunti ya Cumbria ilikataa. Nirex ikakata rufani, na uchunguzi wa hadhara ukafanywa tangu Septemba 1995 hadi Februari 1996. Wataalamu wa upande wa halmashauri na wa vyama vya mazingira walipata nafasi ya kuwahoji wataalamu wa Nirex mbele ya watu, na mashaka mengi juu ya mwamba na juu ya jinsi mahali palivyochaguliwa yakajitokeza. Tarehe 17 Machi 1997 Waziri John Gummer aliikataa rufani hiyo. Kazi ya miaka 15 ilirudi mwanzo.

KUANZA UPYA KWA KUULIZA

Mwaka 1999 kamati ya sayansi ya Baraza la Malodi ilitoa taarifa iliyosema, kwa ufupi, kwamba kuzika taka katika mwamba wa chini sana kunawezekana, lakini hakutafanikiwa pasipo kukubaliwa na wananchi. Mwezi Septemba 2001 Serikali ilitoa waraka wa mashauriano. Jambo la maana katika waraka huo ni kwamba haukutaja mahali, wala haukusema taka zizikwe au zisizikwe. Uliuliza kwanza: uamuzi wa namna hii yafaa ufikiwe kwa utaratibu gani, na nani aaminiwe kuusimamia?

Majibu ya waraka huo ndiyo yaliyozaa, mwaka 2003, Kamati ya Usimamizi wa Taka za Mionzi. Kamati hii haikuwa ya wenye vinu. Ilianza kwa kuandika orodha ya njia zote zilizopata kutajwa, hata zile zilizoonekana kuwa za ajabu, kama kuzirusha taka angani au kuzizika katika barafu, kisha ikazipunguza moja moja, ikieleza hadharani sababu ya kila moja kukataliwa. Ilifanya mikutano yake mbele ya watu. Iliwauliza wataalamu, lakini pia wananchi wa kawaida, na hata wanafunzi wa shule, kwa kuwa wao ndio watakaoishi na matokeo.

Mwezi Julai 2006 ilitoa ushauri wake: taka zizikwe katika mwamba wa chini sana; wakati huo wa kungoja zihifadhiwe katika maghala imara, maana kazi yenyewe itachukua makumi ya miaka; na mahali pasichaguliwe kwa amri, bali jamii zenyewe zijitokeze kwa hiari, zikiwa na haki ya kujitoa. Serikali ilikubali mwaka huo huo. Yaonekana kwamba mwisho wa safari, kwa upande wa sayansi, haukuwa mbali na pale Nirex ilipoanzia. Kilichobadilika ni njia iliyopitwa kufika hapo.

MGAWANYO WA KAZI

Pamoja na mashauriano, Uingereza ilipanga upya vyombo vyake. Mwaka 2005 iliundwa Mamlaka ya Kuvunja Vinu vya Nyuklia, ambayo ilikabidhiwa vinu na taka za zamani za umma. Nirex iliondolewa mikononi mwa wenye vinu mwaka huo, na mwaka 2007 ikaingizwa katika Mamlaka. Mwaka 2022 kazi ya kutafuta mahali pa kuzika iliwekwa chini ya chombo kiitwacho Nuclear Waste Services, kilicho sehemu ya Mamlaka hiyo. Serikali hutunga sera. Wakaguzi wa usalama na wa mazingira hutoa au hunyima leseni, nao hawawajibiki kwa anayezika. Kamati ya ushauri iliachwa hai, ili izikosoe pande zote mbili. Na jamii iliyokubali kuzungumza ina kikao chake cha ushirikiano.

Makatibu hawahitaji kuelezwa faida ya mgawanyo huo, kwa kuwa ndio unaokilinda chama. Mtu mmoja akiwa karani wa mizani, mtunza hazina na mwandishi wa taarifa ya mwaka, wanachama hawatamwamini hata kama ni mwaminifu. Mkutano mkuu huamua, kamati husimamia, meneja hutenda, mkaguzi hukagua. Kazi hizi zikichanganywa, imani hutoweka kabla ya fedha.

Upande mmoja, hata hivyo, Uingereza haikuurekebisha kwa wakati. Kwa miaka mingi umeme uliuzwa pasipo kuwekwa akiba ya kutosha kwa ajili ya taka, na leo sehemu kubwa ya gharama za taka za zamani hutoka katika kodi za watu ambao hawakuwapo zilipozalishwa. Ni sawa na chama kinachogawa malipo yote ya msimu bila kutenga cha kutengeneza paa la ghala.

HAKI YA KUSEMA HAPANA

Sera mpya ilitangazwa mwaka 2008. Wilaya mbili za Cumbria, yaani Copeland na Allerdale, pamoja na Kaunti, zilikubali kuzungumza. Mazungumzo yalichukua miaka. Uchunguzi wa maoni wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wengi wa Copeland, jirani zake Sellafield, waliunga mkono kuendelea. Makubaliano yalikuwa kwamba Wilaya na Kaunti zote ziridhie. Tarehe 30 Januari 2013 viongozi wa Copeland walipiga kura 6 kwa 1 kuendelea. Viongozi wa Kaunti walipiga kura 7 kwa 3 kukataa. Kazi ikasimama.

Miongoni mwa sababu zilizotolewa na Kaunti, moja yafaa izingatiwe na kila mtunga masharti: haki ya kujitoa ilikuwa imeahidiwa katika sera, lakini haikuwa imeandikwa katika sheria. Walihofu kwamba wakisogea hatua moja zaidi hawataweza kurudi nyuma. Ahadi isiyoandikwa huwa nzuri mpaka siku inapohitajika.

Serikali ilitengeneza sera tena, ikaitangaza mwaka 2018. Sasa jamii hupewa fedha za maendeleo, hadi pauni milioni 1 kwa mwaka katika hatua za mwanzo, na hadi milioni 2.5 matundu ya uchunguzi yakianza kuchimbwa, huweza kujitoa, na mwishoni kabisa wakazi wenyewe sharti waulizwe moja kwa moja. Sehemu kadhaa zilijitokeza. Allerdale iliachwa mwaka 2023 kwa kuwa mwamba unaofaa haukutosha. Theddlethorpe, pwani ya Lincolnshire, ilifika mwisho mwaka 2025, baada ya eneo lililotazamwa kuhamishwa kutoka kituo cha zamani cha gesi hadi kwenye mashamba, na halmashauri ya kaunti kujitoa. Zikabaki sehemu mbili za Copeland.

Wapo watakaosema kwamba basi hiari imeshindwa, maana mpaka mwaka huo hakuna hata taka moja iliyozikwa kwa njia hiyo. Lakini njia ya amri ilijaribiwa kwanza, nayo haikuzika chochote. Iliacha uhasama tu. Lincolnshire ilipokataa, hapakuwa na wakazi waliolala barabarani. Halmashauri ilikaa, ikaamua, ikajitoa.

MFANO WA SWEDEN

Wenye shaka na waitazame Sweden. Huko nako mwanzo haukuwa mwema: katika miaka ya 1980 wanavijiji wa sehemu kadhaa waliwazuia wachimbaji wa uchunguzi. SKB, kampuni iliyoundwa na wenye vinu, ikabadili njia na kuziomba manispaa zijitokeze. Storuman ilipiga kura ya hapana mwaka 1995, na Malå mwaka 1997. SKB ilifungasha vyombo vyake na kuondoka, na kuondoka huko ndiko kulikowafanya wengine waamini kwamba hapana ni hapana.

Mambo mawili ya Sweden yanastahili kukumbukwa. Kwanza, wenye vinu hulipa makato kwa umeme wanaozalisha, na makato hayo huingia katika Mfuko wa Taka za Nyuklia. Kutoka mfuko huo manispaa ziliweza kuwalipa wataalamu wao wenyewe, ili zisitegemee maneno ya SKB tu. Pili, manispaa mbili za mwisho, Östhammar na Oskarshamn, zilipatana na SKB mwaka 2009, kabla mahali hapajachaguliwa, kwamba katika fedha za maendeleo itakayokosa ipewe asilimia 75, na itakayochaguliwa asilimia 25, kwa kuwa itakayochaguliwa itapata ajira na majengo. Hapo ushindani uligeuka ushirika. Östhammar, kwenye Forsmark, ndiyo iliyochaguliwa. Halmashauri yake iliridhia mwaka 2020, Serikali ikatoa kibali mwaka 2022, na ujenzi ukaanza Januari 2025.

YA NYUMBANI

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, wala Kenya. Vyanzo vya mionzi vilivyopo hutumika hospitalini, viwandani na katika utafiti, na kwa Tanzania husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, kwa sheria ya mwaka 2003. Lakini chama cha msingi kina taka zake zinazodumu. Yapo maghala ambamo dawa za mimea zilizopita muda zimekaa katika mapipa yaliyooza, na kila kamati inayoingia huyakuta na kuyaacha. Yakitajwa, jibu rahisi huwa ni kuyazika usiku nyuma ya ghala, au kuyahamishia kwenye tawi la mbali ambalo wanachama wake ni wachache na hawana wa kuwasemea. Kisima cha tawi hilo hakitajua kwamba kamati ilikuwa na nia njema.

Kwa hiyo chama chenye mzigo wa namna hiyo, au chenye uamuzi wowote usioweza kurudishwa, yafaa kifuate mambo matano. Wanachama waulizwe wakati njia zote zingali wazi, siyo baada ya shimo kuchimbwa. Wapewe mtaalamu asiyekuwa mtu wa meneja, kama bwana shamba au bwana afya, wamwulize wenyewe. Mwenye mzigo asiwe ndiye hakimu wa usalama wake. Haki ya tawi kukataa iandikwe katika kumbukumbu kabla ya mazungumzo kuanza, siyo baadaye. Na gharama zitengwe na wale waliofaidika, wakati bado wanafaidika.

Kisha katibu abadili ile sentensi ya siku zote. Aandike: wanachama waliulizwa tarehe fulani, walionyeshwa njia hizi na hizi, waliokubali walikuwa kadha, waliokataa kadha, na sababu za waliokataa ni hizi. Sababu za waliokataa ziandikwe kwa ukamilifu kuliko zote, kwa kuwa ndizo zitakazohitajika miaka mingi baadaye, wakati mtu asiyekuwapo atakapokifungua kitabu hicho kutaka kujua ni nini kilichozikwa pale, na ni nani aliyeulizwa.